Nduthi Iliyopitia Mikono Mingine

Leo nina neno kwa mtu aliyenunua pikipiki iliyokwisha kutumiwa na mwingine, hasa anayeishi Buruburu au mitaa ya jirani, Umoja, Donholm, Jericho, Makadara, kwa maana huku Eastlands nduthi hubadili mikono kila uchao. Hoja yangu ni hii. Mwenye kununua nduthi kuukuu hukabidhiwa chuma, funguo na logbuku, lakini ujuzi ambao mwenyewe wa awali aliuchuma juu ya chuma hicho hubaki naye. Yeye ndiye aliyejua kwamba inataka choki hata jua likiwa limeshatoka, kwamba gia ya pili huingia vizuri ukiachia klachi polepole, kwamba geji ya petroli hudanganya. Mnunuzi anaanza upya. Kwa hiyo nadai kwamba wiki za mwanzo ni za kuisoma nduthi kabla ya kuifungua. Anayekimbilia kubadilisha spea hajaielewa hupoteza pesa, na hupoteza pia ushahidi ambao ungemwonyesha ugonjwa uko wapi.

Ujuzi huo unapoteaje? Tazama soko lenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 2000 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zile zisizofikia 250cc, na barabara zikajaa Bajaj Boxer, TVS Star na za Kichina kama Skygo na Haojin. Nyingi kati ya hizo zilianza kazi kwenye steji za boda boda. Mwenye boda akitaka mpya, ya zamani humwachia dalali, dalali humwachia dalali mwenzake, na huyo wa pili huiosha, hukivisha kiti ngozi mpya, hubandika stika, kisha huinadi kuwa ni ya mtu mmoja aliyekuwa akienda nayo kanisani. Hata dalali mwaminifu hana la kukwambia, kwa kuwa hajaipanda zaidi ya safari ya kutoka geti moja hadi jingine. Rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zinasaidia: zitakuonyesha jina la mwenyewe, na kama kampuni ya mkopo bado imeandikwa pamoja naye. Namba ya injini na ya chesisi sharti zilingane na zilizo kwenye logbuku, na asiyeyatazama hayo kabla ya kutoa pesa anacheza na jasho lake. Lakini rekodi hizo ni za umiliki. Hazisemi kama oili ilibadilishwa kwa wakati, wala kama nduthi iliwahi kuanguka Jogoo Road foku zikanyooshwa kwa nyundo.

Wengi hukimbilia mita. Hebu tupige hesabu pamoja. Boda inayokwenda kilomita 100 kwa siku, siku 6 kwa wiki, humaliza kilomita 31,200 kwa mwaka. Mita yenye tarakimu tano hurudi sifuri baada ya 99,999, kwa hiyo katika mwaka wa nne huanza kuhesabu upya kama nduthi iliyotoka dukani jana. Tena nyingi kati ya mita hizi huendeshwa na kebo inayotoka kwenye gurudumu la mbele, na kebo ikikatika mwenye boda haoni haraka ya kununua nyingine, maana haimletei abiria. Mita inayosoma 38,000 huenda inasema kweli, huenda imeficha kilomita laki moja, huenda ililala miaka miwili iliyopita na haijaamka. Mimi naihesabu kuwa shahidi dhaifu kuliko wote.

Mashahidi wenye nguvu ni mpira na chuma. Tazama vikanyagio vya abiria. Mtu anayejiendesha mwenyewe kwenda kazini huvimaliza vikanyagio vyake vya mbele na kuviacha vya nyuma karibu vipya. Vya nyuma vikiwa vimelika hadi chuma kinaonekana, nduthi hiyo imebeba watu, hata muuzaji aape vipi. Tazama matundu ya bolti kwenye fremu na usukani: ndipo palipofungwa mwavuli, keria kubwa, redio na taa za ziada. Pitisha kidole kwenye spoki za gurudumu la nyuma. Zilizolegea husimulia mizigo ya magunia na mitungi ya gesi. Tazama ncha ya kikanyagio cha gia, ngozi ya usukani mahali pa kiganja, na meno ya sproketi: meno yaliyopinda kama ndoano yanakwambia cheni ilivutwa ikiwa imekwisha. Ukiyaweka haya pamoja unapata picha ya kazi iliyofanywa na nduthi hiyo, na picha hiyo ndiyo itakayokufasiria tabia zake baadaye. Iliyobeba mizigo mizito itakuwa na klachi iliyochoka na springi za nyuma zilizolala. Iliyokuwa ya mtu binafsi aliyeipanda mara moja kwa wiki inaweza kuwa na injini nzuri lakini kabureta iliyoganda kwa petroli ya zamani, na tairi ambazo bado hazijalika ila mpira wake umekauka na kupasuka pembeni. Dawa za hao wawili ni tofauti kabisa, na fundi atakayeanza na dawa ya mmoja kwa mgonjwa wa pili atakuwa ametumia siku yako na pesa zako bure.

Kuna tabia ambazo si za nduthi hata kidogo. Ni za mahali. Hili nalikazia, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Injini ya kabureta, ambayo ndiyo iliyo kwenye nduthi nyingi kuukuu, haina chombo cha kutambua kwamba hewa imepungua. Huendelea kumimina petroli kwa jeti ileile. Nduthi iliyotumika miaka mitatu Pwani ikapandishwa Buruburu bila marekebisho itakuwa na petroli nyingi kuliko hewa yake: moshi mweusi kidogo, plagi iliyovaa masizi, uvivu wa kupanda mlima, petroli kwisha haraka. Mwenyewe mpya akiona hayo husema ameuziwa injini mbovu. Akimpata fundi mwenye pupa, ringi na pistoni zitabadilishwa, na moshi utabaki palepale, kwa kuwa kilichohitajika ni kurekebisha kabureta na kusafisha chujio la hewa. Isitoshe, sehemu ya ule uvivu haina dawa. Injini ndogo ya 100cc yenye nguvu za farasi 8 hivi ikinyimwa zaidi ya sehemu ya saba ya hewa yake haiwezi kutoa nguvu ileile iliyotoa kando ya bahari, na hilo halina lawama kwa muuzaji wala kwa kiwanda. Rangi ya plagi itakuonyesha njia: nyeusi yenye masizi makavu ni petroli nyingi, kahawia ya chai ni sawa, nyeupe ni hewa nyingi na hatari ya kuchemka, na nyeusi yenye utelezi ni oili inayopenya ndani. Plagi hufunguliwa kwa spana moja.

Baridi nayo ina sehemu yake. Mwezi wa Julai alfajiri ya Nairobi hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na nduthi ya kabureta inayokataa kuwaka kwa kiki ya kwanza asubuhi kama hiyo haina neno. Inataka choki. Swali la maana ni inachukua muda gani kutulia choki ikirudishwa, na kama muda huo ni uleule siku zote au unarefuka wiki baada ya wiki. Moshi pia una wakati wake. Mvuke mweupe wa alfajiri unaotoweka baada ya dakika chache ni maji. Moshi wa bluu unaotoka mara tu injini inapowaka kisha ukakoma huelekeza kwenye sili za vali. Wa bluu unaozidi kila unapovuta akseleta huelekeza kwenye ringi. Tofauti ya matengenezo hayo mawili kwa gharama ni kubwa, na hakuna anayeweza kukwambia ni lipi kati yake isipokuwa mtu aliyeutazama moshi huo asubuhi kadhaa. Mtu huyo ni wewe. Fundi huletewa nduthi saa nne ikiwa imeshapata moto njiani.

Ndipo naona Buruburu kwenyewe kunamfaa mtu anayetaka kuisikiliza nduthi yake. Mtaa huu ulijengwa kwa fezi tano kuanzia mwaka 1973 hadi mwanzo wa miaka ya 1980, na nyumba zake nyingi zilipangwa zikizunguka ua mmoja wenye lango moja. Kuta za ua hurudisha sauti. Kelele ya vali inayogonga, cheni inayopiga kava, bomba la moshi lenye ufa karibu na injini, vyote husikika uani kwa namna ambayo huwezi kuvisikia Jogoo Road katikati ya matatu. Majirani wanastahili heshima yao, na sheria ya kelele ya mwaka 2009 ipo; sisemi mtu apige resi saa kumi na moja alfajiri. Injini iachwe ingurume yenyewe kwa dakika mbili, na mwenyewe asimame karibu akiwa amefunga mdomo. Kisha kuna barabara. Mumias South Road, yenye matatu za kusimama na kuondoka, itakuonyesha klachi na nyutro: je, nyutro hupatikana nduthi ikiwa imesimama, au lazima uitafute kabla haijasimama kabisa? Rabai Road itakuonyesha breki. Outering Road Jumapili asubuhi, kabla msongamano haujaanza, itakuonyesha mtetemeko: unaanzia mwendo gani, unakoma wapi, na unatoka kwenye usukani, kwenye vikanyagio au kwenye kiti. Mtetemeko wa usukani pekee ni wa gurudumu la mbele au beringi za usukani. Wa kiti na vikanyagio mara nyingi ni wa cheni, sproketi au bolti za injini zilizolegea.

Cheni inahitaji neno lake pekee. Watu huipima mahali pamoja, huikaza, wakaridhika. Cheni kuukuu haijavutika sawasawa. Ina sehemu ndefu na sehemu fupi. Zungusha gurudumu la nyuma polepole, uipime mahali panne au patano, na ukaze kwa kufuata sehemu iliyobana zaidi. Ukikaza kwa kufuata iliyolegea, ile iliyobana itavuta beringi za gurudumu na za sanduku la gia hadi ziharibike, na hapo utasema nduthi za siku hizi hazidumu. Riziva nayo ijue mapema. Koki ya petroli ikiwa ilibaki kwenye riziva tangu kwa mwenyewe wa zamani, huna akiba yoyote, na utaligundua hilo Donholm mvua ikinyesha. Njia ya kujua ni kuacha petroli iishe kwa makusudi karibu na kituo cha mafuta, koki ikiwa upande wa kawaida, kisha ugeuze uone. Petroli ya chupa za kando ya barabara iepuke wakati huu wa kuisoma nduthi. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu ya uchanganyaji wa mafuta, na huwezi kuisoma injini inayokunywa usichokijua.

Nasikia atakayenipinga akisema: mafundisho haya ni ya hatari, unamwambia mtu apande nduthi yenye kasoro akizichunguza, na siku ya tatu breki zitakataa. Pingamizi hili ni la haki, na nalikubali nusu yake. Breki, tairi, beringi za usukani, taa, na waya wa akseleta unaotakiwa kurudi wenyewe unapoachiliwa si vitu vya kusubiri. Hivyo hukaguliwa siku ya kwanza, kabla nduthi haijatoka getini, na breki shuu zilizokwisha hubadilishwa bila kungoja. Bima dhidi ya madhara kwa wengine, leseni, helmeti na jaketi la kuakisi mwanga ni sheria, wala hakuna mjadala. Lakini angalia kwamba orodha hiyo ni fupi. Kasoro nyingi zinazompeleka mnunuzi kwa fundi mbiombio hazimo ndani yake: kutowaka kirahisi, kelele, mtetemeko mdogo, petroli kwisha upesi, gia ngumu. Hizo hazimuui mtu wiki hii, na zikipewa wiki mbili au tatu hujieleza. Kinachohatarisha maisha ni kuyachanganya makundi haya mawili ya kasoro: kutumia pesa zote kuondoa kelele ya injini halafu kuendelea na tairi ya nyuma iliyolika kwa sababu mfuko umekauka.

Mwingine atasema kazi ya kuisoma nduthi ni ya fundi, ndiyo maana tunamlipa. Sina dharau hata chembe kwa mafundi wetu. Msomi Kenneth King aliandika vitabu viwili juu ya mafundi wa Kenya, kimoja mwaka 1977 na kingine mwaka 1996, akaonyesha ni ujuzi wa namna gani hujengwa chini ya jua kali bila cheti cha chuo. Wale wa Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, na wale wa Kariobangi Light Industries, wanaijua Boxer kuliko wengi wenye shahada. Wasichokijua ni Boxer yako. Fundi huisikia dakika tano, mara nyingi tayari ina moto, mara nyingi katikati ya kelele za nyundo. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Julian Orr, aliwachunguza mafundi wa mashine za kunakili za Xerox na kuchapisha kitabu mwaka huohuo wa 1996. Akakuta kwamba walitegemea sana hadithi, walizosimuliana wao kwa wao na walizopewa na watumiaji wa mashine kuhusu hitilafu ilianza lini na mashine ilifanya nini kabla. Mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" tu atapewa dawa ya kubahatisha. Mwenye nduthi anayesema "inazima ikiwa na moto, baada ya kama nusu saa, kisha inawaka ikipoa" amemwondolea fundi nusu ya kazi, kwa kuwa sasa fundi atatazama koili na nafasi ya vali, na kabureta ataiacha mpaka baadaye.

Lakini mwenye boda aliyekopa je? Anatakiwa kulipa kila siku, na hana wiki tatu za kufanya uchunguzi. Huyu ndiye ninayemfikiria zaidi, kwa sababu ndiye anayeumia akipoteza siku moja gereji. Jibu langu ni kwamba simwambii alaze nduthi. Kuisoma hufanyika ikiwa kazini, na yeye huipanda kwa siku moja kiasi ambacho mtu wa ofisini huipanda kwa wiki, kwa hiyo ataielewa upesi zaidi. Anachohitaji ni daftari la shule na kalamu: petroli iliyowekwa na kilomita zilizokwenda, kama mita ni nzima, oili ilipimwa lini na ilishuka kiasi gani, kelele mpya ilianza siku gani. Injini za namna hii hubeba oili ya kama lita moja tu. Ikipungua robo lita bila mtu kujua, hiyo ni robo ya ulinzi wote wa injini, na si ajabu kwamba injini nyingi hufa kwa kukauka. Anayepima oili kila asubuhi, nduthi ikiwa imesimama wima mahali tambarare, atajua katika siku chache kama injini yake inakula oili, na atapanga matengenezo siku anayoitaka yeye.

Wapo wanaosema wakati wa haya yote unakwisha, kwa kuwa pikipiki za umeme zimeshaingia Nairobi. Nazikaribisha. Hazina kabureta wala plagi. Ila zina breki, tairi, beringi na betri yenye historia yake ya kuchajiwa, na zitakapoanza kuuzwa mkono wa pili kwa wingi, swali litakuwa lilelile: nani anajua ilivyotumika?

Ndiyo maana mzigo huu siuachi wote kwa mnunuzi. Wewe unayeuza nduthi yako Buruburu Fezi 3 au Mutindwa, ukiamua kumpita dalali na kukutana na mnunuzi uso kwa uso, mpe saa moja. Mwambie inavyowaka asubuhi, mwonyeshe swichi ya siri uliyofungiwa na fundi wa umeme kwa ajili ya wezi, maana waya zile za ziada ndizo zinazomaliza betri na yeye atazitafuta kwa miezi. Mwambie ilianguka mara ngapi na upande gani. Mwambie oili gani ilizoea, cheni ilibadilishwa lini, na kama injini imewahi kufunguliwa, nani aliifungua. Wengine huogopa kwamba ukweli utashusha bei. Unaweza kushusha kidogo. Lakini mnunuzi wa Eastlands ameshadanganywa mara nyingi, naye hupunguza bei kwa sababu ya wasiwasi hata pale nduthi ni nzuri. Anayesikia kasoro tatu zikitajwa bila kuulizwa huanza kuamini na yale mazuri. Yaandike kwenye ukurasa mmoja, uukunje pamoja na logbuku, kabla hujaingia mtandao wa serikali wa eCitizen kuanzisha ubadilishaji wa jina. Akiusoma mbele yako atakuwa na maswali, na wewe ndiye pekee unayeweza kuyajibu.